Pigo la Nne

1

Mama yangu tulimzika Jumanne, na Jumamosi mchana nilikuwa napanda kilima cha Gangilonga kwenda kazini. Padri alikuwa ameniomba nipumzike walau wiki mbili. Nikamwambia, baba, nikibaki kwenye ile nyumba peke yangu nitaanza kuzungumza na masufuria, na yakinijibu mtanipeleka wapi? Akacheka, kisha akaona haya, maana mfiwa nilikuwa mimi na aliyecheka ni yeye.

Nilichokuwa nakifuata studio sikumwambia. Nilikuwa nafuata matusi.

Matusi ya Osmundi Luambano, mpiga gitaa la solo wa bendi ya Jiwe la Saba. Osmundi ni Mngoni, mimi ni Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona nafuu watukanane, wao wakituita wala mbwa, sisi tukiwaita wala panya, na utani huo tukaurithi sisi wajukuu. Mtani wako akifiwa huendi kumshika mkono na kumwambia pole. Unaingia kwenye kaburi lililochimbwa, unalala humo, unakataa kutoka mpaka upewe kuku. Unavaa koti la marehemu na kuiga alivyokuwa akikohoa. Mfiwa anacheka huku kamasi zinamtoka, na hapo ndipo msiba unapoanza kubebeka. Mimi wiki nzima nilikuwa nimepewa pole na watu wazuri, wenye adabu zao, na sikuwa nimetoa hata chozi moja. Nilikuwa nimebana kila kitu kifuani, namsubiri Mngoni wangu.

Studio nilimkuta Eda ameshafika. Eda ni mke wa Osmundi, mwalimu mstaafu, mwembamba, mpole mpaka unaweza kumsahau chumbani. Jumamosi zote kwa miaka mitano alikuja kusikiliza kipindi humu humu ndani, akikalia kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na chupa yake ya chai miguuni. Kumsikilizia mume kwenye redio ya nyumbani, alisema, ni sawa na kumsalimia kupitia dirishani.

"Pole, dada Yustina."

"Nimeshapoa. Leo subiri uone mumeo atakavyonichamba."

Alitabasamu, lakini hakunitazama. Wakati ule sikulitilia maanani.

Taa nyekundu ikawaka. "Hiki ni kipindi cha Muziki wa Juu na Chini. Mimi ni Yustina Kihwele, niko Gangilonga, Iringa. Wenzetu kumi na wanne, wachimba madini, wako kwenye sayari ndogo ya Jiwe la Saba, ng'ambo ya Mirihi. Osmundi, we Mngoni, mama yangu amefariki na tumemzika Jumanne. Haya, sema unalotaka kusema. Jiwe, tuhesabiane!"

Basi maneno yangu yakaondoka. Msimu ule yalichukua dakika ishirini na tisa kufika, na jibu lao dakika ishirini na tisa kurudi, kwa sababu Jiwe lilikuwa limezunguka likaenda upande wa mbali wa jua. Kwa hiyo mahojiano yetu yalikuwa ya uvumilivu: uliza saa nane kamili, jibiwa saa tisa kasoro dakika mbili. Katikati tunapiga muziki. Siku hiyo alikuwapo mpiga zeze kutoka Pawaga, akapiga moja kwa moja studio, akasimulia alivyomwibia baba yake zeze la kwanza, akapiga tena. Mimi nilikuwa naitikia "ehee" na "kumbe", macho yangu kwenye saa ya ukutani.

Saa tisa kasoro mbili, Jiwe likajibu. Kwanza kama kawaida yalikuja mapigo, kwa sababu tukisema tuhesabiane, kila mchimbaji hugonga mara moja kwenye kifuniko cha chuma cha mtambo wao, kwa zamu, kwa mpangilio wa orodha yao. Kumi na manne, safi, yamepangana. Ikafuata sauti ya Osmundi, ile ile yenye mchanga kidogo kooni.

"Dada Yustina. Kwa niaba ya wenzangu wote, naomba upokee salamu zetu za rambirambi kwa msiba mzito uliokufika. Mama alikuwa nguzo ya familia. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Jina lake lihimidiwe."

Nilisubiri. Nilijua anavuta pumzi tu, kwamba sasa hivi atauliza yule mbwa wa mama tumemla kwa ugali au kwa wali. Halikuja. Likaanza gitaa, wimbo wa taratibu, mzuri, na wasikilizaji kutoka Mafinga mpaka Mbamba Bay wakaanza kutuma ujumbe kwamba wameguswa.

Ukimjua mtu kwa matusi yake kwa miaka kumi na mmoja, adabu yake inakutisha. Yule hakuwa Osmundi.

Niligeuka kumtazama Eda. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafunga kifuniko cha chupa ya chai ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

2

"Fungua karatasi ya leo," nilimwambia Kyando kipindi kilipokwisha.

Kyando ndiye fundi wetu wa mitambo, kijana wa Makete wa miaka arobaini ambaye mimi bado namwita kijana. Alijifanya kutafuta miwani.

"Karatasi gani, mama?"

"Kyando, usinifanye mtoto. Karatasi ya Kijazio."

Hapa lazima nikiri jambo. Kijazio nilikileta mimi. Miaka minne iliyopita dhoruba za jua zilikuwa mbaya, na sauti kutoka Jiwe zilifika zimeraruka: nusu ya neno hapa, mkwaruzo pale, gitaa likikatika kwenye utamu wake. Wasikilizaji walilalamika. Shirika linalochimba kule likatuletea mashine iliyofundishwa sauti ya kila mchimbaji na mkono wa kila mpigaji. Kinachopotea njiani, inakijaza. Kinachozidi, yaani mikwaruzo na vishindo, inakifuta. Nilisikiliza mfano mmoja tu, Osmundi akiimba pasipo hata mkwaruzo, nikasaini nikiwa nacheka kwa furaha. Ilianza kwa kujaza silabi. Baadaye ikajaza neno. Kuna Jumamosi moja ilijaza ubeti mzima, na Osmundi mwenyewe alipoambiwa akasema mashine imeimba vizuri kuliko yeye, basi iongezwe mshahara. Tulicheka sana siku hiyo.

Kyando akafungua karatasi. Ni jedwali tu: jina, na asilimia ya kilichojazwa. Nikashuka na kidole. Mligo, mia. Kapufi, mia. Tumwesige, mia. Luambano, mia. Wote kumi na wanne, mia kwa mia.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tisa hii."

"Wiki tisa! Nimehoji mashine wiki tisa?"

"Shirika linajua, mama. Wamesema antena ya kule imeinama, ni hitilafu ndogo. Meli ya mahitaji itaondoka mwezi wa tatu kama kawaida, fundi atapanda nayo. Wakaniambia nisiwashtue watu." Akavua miwani aliyokuwa amejifanya kuitafuta. "Ndugu zao wanaishi kwa kipindi hiki. Ningewaambia nini?"

"Na kama si antena?"

Mimi nilikuwa nakumbuka mapigo yale. Wiki tisa mfululizo kumi na manne, hakuna aliyeumwa, hakuna aliyekuwa zamu. Ilhali tangu zamani mahesabu ya Jiwe huwa na mapengo. Osmundi aliwahi kunieleza hewani: mtu asipokuwapo hawamruki. Wanasubiri muda wake upite kimya kimya, kisha anayefuata anagonga. "Nafasi ya mtu haijazwi, we mla mbwa," alisema, "anaachiwa mwenyewe." Mimi, mwenye kipindi, mjuzi wa muziki, nilisikia kumi na manne kamili wiki tisa nikaona ni raha tupu. Mjinga sana mimi.

"Kile kinachokuja kabla hakijajazwa, umekisikiliza?" nikamuuliza.

"Hakihifadhiwi. Ni kelele tupu, mama. Mashine inafuta."

Nilisimama kuondoka. Kyando akaniita mlangoni, kwa huruma, na naamini hakuwa na nia mbaya.

"Nimeona ulivyoumia pale. Kuna sharti Shirika liliweka, kwamba penye msiba iseme maneno ya heshima. Nikiliondoa, yenyewe inayo matusi yake yote ya miaka kumi na mmoja. Jumamosi ijayo itakutukana vizuri tu. Hutaona tofauti."

Sijui kama mnaelewa nilivyotamani.

Nilirudi nyumbani. Kiti cha mama kilikuwa palepale kibarazani, na mto wake. Nilipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikala wa mtu mmoja, na uliobaki nikautazama. Nikawaza: ubaya uko wapi? Jumamosi saa tisa kasoro mbili Osmundi ataniuliza habari za mbwa, nitacheka, nitalia, nitapona. Watu wangapi wanaponywa na vitu ambavyo si vya kweli? Niliwaza hivyo Jumapili nzima, na Jumatatu, na kila nikifika mwisho wa mawazo namkuta Osmundi yuko mahali nisipopajua, na mimi huku nacheka na sauti yake.

3

Jumatano nilishuka Kihesa kwa Eda. Nilimkuta uani anamenya viazi, akanipa kisu cha pili bila kuniuliza, tukamenya.

"Shemeji," nikaanza, "kuna neno gumu."

"Najua unachotaka kusema."

"Hujui."

"Si yeye," Eda akasema. "Wiki ya tano hii nalijua."

Kisu kilinisimama mkononi.

Akanisimulia, polepole, akiendelea kumenya. Wiki ya nne ya zile tisa alihisi kitu, hakujua ni nini. Akaandika kadi ya salamu kama kawaida, ile niliyoisoma mimi mwenyewe hewani: salamu zimfikie mume wangu Osmundi, ujumbe, je, lile neno uliloniambia stendi ya Njombe bado unalikumbuka? Na jibu likaja kwa sauti tamu: nalikumbuka, Mwalimu, nalikumbuka kila siku.

"Mbona ni jibu zuri?"

"Hakuna neno, dada. Hatujawahi kuwa pamoja stendi ya Njombe. Nililitunga."

Kuku wa jirani aliingia uani, akatutazama, akatoka.

"Na ukaendelea kuja," nikasema. "Kila Jumamosi, na chai yako."

"Ningeenda wapi?" Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya Eda ikipanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Sina mtoto, sina mama, darasa wamempa mwingine. Nina saa moja kwa wiki mtu ananiita Mwalimu. Sauti ni yake. Kucheka ni kwake. Unataka kuizima, nakujua wewe, ukishaamua jambo huambiliki. Ukiizima nitabaki na nini? Niachie hata huyo wa kujaziwa."

"Eda, kama wako hai na wanahitaji msaada?"

"Na kama hawako?"

Hilo ndilo lililokuwa swali, na gharama yake nisingeilipa mimi. Nikiizima na kukuta kimya, mtani nitakuwa nimempoteza, kweli, lakini Eda atakuwa mjane mbele ya nchi nzima, kwenye kiti kile cha waya, kwa mkono wangu. Na wengine kumi na watatu wana watu wao: yuko mama Tumwesige kule Muleba anayeweka redio kwenye dirisha ili na mbuzi wasikie. Nani alinipa mimi kazi ya kuwapiga watu wote hawa kwa siku moja?

Lakini upande wa pili kulikuwa na meli iliyopangwa kuondoka mwezi wa tatu kama kawaida. Lile "kama kawaida" ndilo lililonichoma. Kila kitu kilikuwa cha kawaida kwa sababu kila Jumamosi mimi nilimhakikishia kila mtu, kwa sauti yangu nzuri, kwamba wenzetu wanaimba.

"Mama yako," Eda aliniuliza nikiwa nimeshika mlango, "Kyando angekujazia, ungekataa?"

"Usiniulize hilo," nikamwambia. Sikukataa, mnasikia? Nilisema tu asiniulize.

"Ukiizima," akasema, "mimi sitakuja."

4

Hakuja. Jumamosi saa nane kasoro dakika tano kiti cha waya kilikuwa kitupu. Nilikisogeza ukutani, kisha nikakirudisha mahali pake.

Kyando alikuwa nyuma ya kioo, jasho linamtoka. "Mama, utanifukuzisha kazi."

"Waambie nilikutishia. Wanaonijua wataamini."

Taa ikawaka. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayaacha.

"Hiki ni Muziki wa Juu na Chini. Mimi ni Yustina. Leo hakuna mgeni. Ndugu zangu, na hasa nyie mlio na mtu kule juu, kaeni chini kwanza. Kwa wiki tisa, leo ya kumi, sauti mnazozisikia kutoka Jiwe si zao. Ni Kijazio. Mashine hiyo niliipokea mimi na nikaisaini mimi, kwa hiyo mkitaka mtu wa kumlaumu, yuko hapa Gangilonga, ana nguo nyeusi. Antena ya kule haijaleta neno hata moja. Hatujui wako salama au la. Leo naizima. Kitakachokuja saa tisa kasoro mbili, tutakisikia pamoja kilivyo. Kama ni kimya, tutasikiliza kimya. Mnisamehe. Jiwe la Saba, tuhesabiane."

Nikamfanyia Kyando ishara. Alifumba macho kidogo, akashusha swichi. Ni swichi ndogo ya kijivu, wala haikutoa sauti.

Dakika hamsini na nane. Nilipiga rekodi za zamani za Jiwe, za kabla ya Kijazio, zenye mikwaruzo yake yote. Osmundi anakatika katikati ya neno, anarudi, anakatika. Jinsi nilivyokuwa nimezisahau! Simu zilianza kulia chumba cha pili na hazikunyamaza. Shirika walipiga mara mbili, nikamwona Kyando akiitazama simu yao inavyolia na kuigeuza kifudifudi. Mama Tumwesige alipiga, akasema neno moja tu, "Tunasikiliza," akakata. Nilikaa pale na ile mikwaruzo, na upweke wangu wote, wa nyumba, wa kiti cha kibarazani, wa adabu ya mashine, ukanijia kwa pamoja. Nilijuta. Nawaambia kweli, kwenye dakika ya arobaini nilijuta, na kama Kyando angeniuliza niiwashe tena ningemwambia washa.

Dakika ya hamsini mlango ulifunguliwa. Eda aliingia na chupa yake ya chai, hakunisalimia, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Alikuwa amevaa gauni la kwendea kanisani.

Saa tisa kasoro mbili, kelele ikaja.

Ilikuwa kelele kweli: mvumo mnene, mvua juu ya bati. Niliiacha iende hewani. Nusu dakika. Dakika. Kyando akaweka mkono kwenye kitasa cha sauti aipunguze, na mimi nikanyoosha kidole kumkataza, kwa sababu kulikuwa na kitu. Chini kabisa ya ule mvumo. Tk.

"Ni kelele, mama," sauti yake ikasema sikioni.

"Nyamaza."

Tk.

"Kelele haina mwendo," nikasema. "Muziki ndio una mwendo. Huo ni mwendo wetu, Kyando. Wanahesabiana!"

Hawakuwa na sauti. Hawakuwa na antena. Walichobakiwa nacho ni kifaa kidogo cha dharura kinachotuma mlio mmoja, na wanajua kwamba katika dunia nzima ni sikio letu tu linalowaelekea, tena mara moja kwa wiki. Kila Jumamosi niliwaita, wakanisikia, na kila Jumamosi walijibu. Mashine ikasikia mapigo machache dhaifu, ikayaita kishindo, ikayafuta, halafu ikatupigia kumi na manne yaliyo safi. Wiki tisa watu wanatugongea mlango na sisi ndani tumeongeza muziki.

Waligonga raundi ya kwanza, sikuwahi kuihesabu. Wakarudia. Safari hii nilikuwa nimeshika orodha ya majina, na nilihesabu hewani, kwa sauti, kidole karatasini.

"Daudi Mligo." Tk.

"Shani Kapufi." Tk.

"Tumwesige." Tk. Nadhani Muleba nzima walisikia kelele za mama yule bila redio.

"Osmundi Luambano."

Mvumo. Mvumo tu, kwa urefu wa pigo moja. Kisha wa tano akagonga.

Niliendelea kwa sababu kila jina lilikuwa na watu wake. Wa nane, pengo. Wa tisa, pengo. Wa kumi na moja, pengo. Wa kumi na tatu, pengo. Walirudia raundi ya tatu na mapengo yalikuwa palepale. Tisa wanagonga, watano wameachiwa nafasi. Nilitaka sana kuamini kwamba watano wale wanaumwa tu. Lakini wiki kumi wanahesabiana, na baada ya pigo la mwisho walifanya kitu ambacho hawajawahi kufanya: walinyamaza kwa muda wa mapigo matano kamili, moja kwa kila pengo, ndipo wakaanza upya.

Nyuma ya kioo Kyando alikuwa ameshainua simu ya Shirika. Nilimsikia akipiga kelele, yule kijana mpole wa Makete: "Tisa! Tisa wako hai! Mwezi wa tatu wa nini? Leo! Rusheni leo!"

Mimi nilishindwa kumgeukia Eda. Niliongea na maikrofoni iliyozimwa. "Shemeji, nisamehe."

"Wamemwachia nafasi yake," Eda akasema.

"Ndiyo."

"Hawajaijaza."

"Hawajaijaza."

Alishika kanga yake kwa mikono miwili, akaikunja, akaikunjua. Halafu akanitazama, macho mekundu lakini makavu, na akazungumza kwa ile sauti ya mwalimu anayemkumbusha mwanafunzi kazi ya nyumbani.

"Sasa mtani, unangoja nini? Mimi nimefiwa."

Nikafungua maikrofoni. Sikujua kama naweza. Nilifungua tu.

"We Osmundi! We Mngoni mla panya! Umetoka Songea yote hiyo kwenda kufia kwenye jiwe, kwani Ruvuma mawe yameisha? Au uliambiwa huko kuna panya buku wanaoelea, huhitaji hata mtego? Mwoga mkubwa! Mama yangu amekufa, ukaona heri ufe kabla hujaombwa mchango wa msiba. Na gitaa lako lile bovu, lenye uzi mmoja ulioufunga kwa waya wa baiskeli, nyie mlio hai, mnasikia, meli ikija msiliache. Nalirithi mimi. Na kuku ninamtaka. Sitoki kwenye kaburi lako mpaka nipewe kuku, na kwa kuwa kaburi lako sijui liko wapi, nitalala studio! Kila Jumamosi nilikusubiri dakika hamsini na nane, mwanamume mzima, hujawahi kuwahi hata siku moja, na leo pia umechelewa. Umechelewa, Osmundi, tumehesabu, hukugonga!"

Nyuma yangu kulitoka sauti. Eda alikuwa anacheka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, anacheka na kulia, kamasi zinamtoka, kile kiti cha waya kinalia chini yake. "Panya wanaoelea," alikuwa anasema, "Mungu wangu, panya wanaoelea." Na mimi ndipo nilipolia, kwa ajili ya Osmundi, na kwa ajili ya mama yangu, ambaye tangu Jumanne ile nilikuwa sijamlilia.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na moja. Kule juu walikuwa hawajasikia kitu bado. Tusi langu lingewafikia saa tisa na dakika arobaini, na kama wangecheka, wale tisa, kama wangekigonga hata mara moja kile kifaa cha dharura kwa kicheko, tungesikia saa kumi na dakika tisa. Kipindi chetu huisha saa kumi kamili, na antena hugeuzwa.

Kyando aliandika karatasi, akaibandika kwenye kioo. Leo hatugeuzi.

Eda akavuta kiti chake kibovu mpaka kikagusana na changu, akafungua chupa ya chai, tukaanza kusubiri.